Makartoni ya mwanahistoria wa wafanyakazi: namna ya kuyapanga na kuyalinda hapa Lubumbashi

Mwanahistoria aliyekusanya habari za wafanyakazi na siasa za Katanga maisha yake yote akifariki, familia hubaki na chumba kilichojaa makartoni, na watu wa kila namna huanza kuyahitaji. Mtoto mmoja anataka chumba apangishe. Mwanafunzi wa zamani anakuja kuulizia vitabu ambavyo eti Mzee alimwahidi. Mama wa karanga yuko tayari kununua magazeti kwa kilo. Hali ikiendelea hivyo wiki chache, mkusanyo umekwisha, na ukiuliza nani aliuharibu hutampata.

Mwongozo huu ni wa yule aliyekabidhiwa makartoni hayo: mtoto wa marehemu, mjane, mwanafunzi, mjumbe wa sindika (chama cha wafanyakazi), karani wa parokia. Diploma ya arshivi, yaani ya kuhifadhi nyaraka, si lazima. Lazima ni penseli, daftari kubwa, subira, na ruhusa ya familia ya kuwaambia wageni "bado". Na jambo moja nitalirudia hadi unichoke: orodha kwanza, skana baadaye. Wengi huanza kwa simu, wanapiga picha karatasi baada ya karatasi, na mwishoni wana maelfu ya picha ambazo hakuna anayejua zilitoka fardi (jalada) gani.

Kwanza ujue una nini mkononi

Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya migodi ya shaba, iliundwa mwaka 1906, ikataifishwa mwaka 1967. Sehemu kubwa ya madosiye yake iko Brussels, katika Arshivi za Serikali ya Ubelgiji. Mtafiti akienda kule atamwona mfanyakazi kwa macho ya kampuni: namba, mshahara, adhabu, siku za kukosa kazi. Alichokuwa akisema mfanyakazi mwenyewe jioni kampini, kwenye kambi ya wafanyakazi, baada ya kupokea posho, kule hakipatikani kwa urahisi. Kiko kwenye kaseti na madaftari ya watu kama huyo Mzee wako.

Chukua greve, yaani mgomo, ya Desemba 1941. Tarehe 9 askari waliwafyatulia risasi wafanyakazi waliokusanyika kwenye uwanja wa mpira wa Élisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa wakati ule. Léonard Mpoyi, aliyekuwa akiwasemea wenzake, aliuawa pale. Hesabu ya waliokufa inabishaniwa hadi leo: ya serikali ya wakoloni ni ndogo kuliko ile inayosimuliwa mjini. Kwa hiyo daftari ambamo mzee mmoja aliwataja majirani wa safu yake ya nyumba ambao hawakurudi jioni ile ni ushahidi ambao Brussels haina.

Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili historia ya mji huu kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu. Leo maandishi hayo yanasomwa na wanahistoria wa nchi nyingi, kwa sababu tu kuna mtu aliyeweka nakala. Hayakutoka kwenye biro ya serikali wala maktaba kubwa. Ukikuta kwenye kartoni kijitabu cha kurasa chache kilichochapwa kwa stensili, Kiswahili chake cha hapahapa na herufi zimepinda, kitoe pembeni, kipewe bahasha yake, na usikidharau kwa tahajia yake.

Hatua ya 1: Funga mlango, piga picha ya chumba

Hapa ndipo simu inafaa mapema. Kabla hujagusa kitu, piga picha kila ukuta, kila rafu, kila rundo, na juu ya meza alivyoiacha. Piga pia mgongo wa kila fardi palipoandikwa jina. Halafu mwandike mtu mmoja tu mwenye ufunguo. Anayetaka kuazima kitu aambiwe arudi orodha ikiisha, hata kama ni profesa, hata kama ni mjomba.

Mhoji mjane au yeyote aliyekuwa akimsaidia Mzee, mapema, kabla kilio hakijapoa kabisa na watu hawajatawanyika. Muulize: makartoni haya yalitoka wapi? Yapi yalikuwa biro, yapi nyumbani? Nani alimletea yale ya Likasi? Andika majibu kama yalivyosemwa. Mara nyingi mama wa nyumbani anajua asili ya kila rundo kuliko mwanafunzi yeyote, na hakuna anayemuuliza.

Hatua ya 2: Maji, mchwa na panya

Ikiwa mvua za Novemba hadi Machi ziko karibu, hii inatangulia mengine yote. Inua kila kartoni kutoka sakafuni. Rafu ya chuma ni bora. Isipokuwepo, palete au matofali na ubao juu. Acha nafasi ya mkono mmoja kati ya rafu na ukuta, maana mchwa hupanda ukutani na ukuta wenyewe hutoka jasho. Miguu ya rafu unaweza kuisimamisha ndani ya makopo yenye oili chafu ya gari, mradi oili isiguse karatasi.

Karatasi zilizolowa zianikwe kivulini penye upepo, si juani. Jua la Lubumbashi linakausha kweli, lakini linazikunja na kuufuta wino. Zilizoshikana usizibandue kwa nguvu zikiwa zimelowa. Zenye ukungu zitengwe chumba kingine, zikaushwe kwanza, ndipo zipanguswe kwa brashi laini nje ya nyumba, mdomo na pua vikiwa vimefunikwa.

Usipulizie dawa ya wadudu juu ya karatasi, wala usitie vidonge vya kabati kwenye fardi. Vitabu vya wataalamu hushauri kugandisha karatasi zenye wadudu kwenye friza kwa wiki nzima au zaidi. Kwa delestaji (kukatwa umeme) tulizo nazo sishauri: friza ikizimika usiku na kuwaka asubuhi, unachopata ni maji ndani ya karatasi. Funga fardi yenye wadudu kwenye mfuko wa plastiki uliobana, iweke mbali na nyingine, uifungue kila wiki kutazama kama kuna unga mpya wa wadudu. Ikibainika imetulia, irudishe mahali pake.

Hatua ya 3: Orodha ya makartoni

Kipe kila kartoni namba kwa penseli nene au karatasi ya kubandika: 1, 2, 3, kwa mfuatano wa mahali yalipokaa chumbani. Usijaribu kuanza na yaliyo muhimu. Kwenye daftari, kila kartoni ipate ukurasa wake: ilikuwa wapi, nje imeandikwa nini, ndani kuna fardi ngapi, kila fardi ina jina gani, miaka ipi, lugha gani, hali gani.

Ukurasa mmoja unaweza kuonekana hivi:

*Kartoni 7. Rafu ya pili, upande wa dirisha. Nje imeandikwa kwa mkono "Kampi – mahojiano". Fardi 4. (a) "Posho": karatasi za ukaguzi wa ndani ya kampi, Kifaransa, zina kutu ya pini. (b) Bila jina: barua za wastaafu kudai pansheni, Kiswahili na Kifaransa, baadhi zina alama ya kidole gumba badala ya saini. (c) "Sindika": mihutasari ya mikutano, kopi za karboni. (d) Bahasha ya picha 23, mbili zina majina nyuma. Pia kaseti 2 zimefungwa kwa mpira.*

Basi. Usisome kila barua kwa sasa. Ukianza kusoma utakaa kartoni la saba hadi Pasaka. Orodha hii ya juujuu ikiisha, hata nyumba ikiungua au ndugu wakigombana, angalau inajulikana kulikuwa na nini.

Hatua ya 4: Usivunje mpango wa Mzee

Hapa ndipo watu wenye nia njema hufanya madhara. Wanaona fardi moja ina bulletini ya malipo (karatasi ya mshahara), kipande cha gazeti, trakti (kipeperushi) na picha ya harusi, wanasema "fujo hii", wanatenga: magazeti huku, picha kule, barua pale. Lakini Mzee alikuwa na sababu. Bulletini, trakti na picha vilikuwa vya mtu mmoja aliyehojiwa, na kipande cha gazeti kilieleza mwaka alioachishwa kazi. Ukivitenganisha unabaki na vitu vinne visivyosema lolote.

Kwa hiyo kinachotoka fardi moja hubaki fardi moja. Picha ikihitaji bahasha yake kwa usalama, weka mahali pake karatasi iliyoandikwa ilikohamia, na nyuma ya bahasha andika ilikotoka. Vivyo hivyo karatasi za sindika zisichanganywe na za chama cha siasa, hata zikizungumzia greve moja. Palipo na fujo ya kweli, mfano mfuko wa saruji uliojazwa ovyo siku ya kuhama, hapo unaweza kupanga mwenyewe, lakini andika kwamba mpango ni wako.

Fungua vitabu pia, kimoja kimoja. Tangu MPR, chama cha Mobutu, iundwe mwaka 1967 hadi Aprili 1990, siasa nje ya chama kimoja ilikuwa hatari, na trakti ya upinzani haikuwekwa kwenye fardi yenye jina. Ilifichwa ndani ya kamusi, ndani ya misale (kitabu cha misa), chini ya jalada la daftari la mtoto. Trakti za namna hiyo mara nyingi hazina tarehe, jina wala mji. Andika zilikutwa kwenye kitabu gani, ukurasa gani.

Hatua ya 5: Kusafisha kidogo, kwa mkono mkavu

Nawa mikono, ikauke, ufanye kazi bila glavu. Glavu za kitambaa zinapunguza hisia za vidole na zinachana karatasi nyepesi. Za mpira laini ziachie picha na negativu. Ondoa mipira, pini na agrafi (pini za stepla) zenye kutu: laza karatasi, inua miguu ya agrafi kwa kisu butu upande wa nyuma, usivute kutoka mbele. Karatasi zilizokuwa zimeshikanishwa zifunge ndani ya karatasi nyeupe iliyokunjwa, ili ijulikane ni kitu kimoja.

Selotepu usitumie kamwe. Wala usiplastifiye kitu chochote, hata karti ya kazi ya babu ambayo kila mtu anaionea huruma. Plastiki ikishaungana na karatasi haitoki tena. Andika kwa penseli tu. Faksi za karatasi laini inayong'aa zipigwe fotokopi mapema, maana maandishi yake yanafifia yenyewe. Negativu zikinuka siki, zitenge na nyingine na uziweke mwanzoni mwa foleni ya skana.

Hatua ya 6: Kupata tarehe ya karatasi isiyo na tarehe

Hii ndiyo kazi tamu kuliko zote, na mtu wa Lubumbashi anaiweza kuliko mtaalamu wa nje, kwa sababu mji wetu umebadilishwa majina mara nyingi hadi kila kichwa cha barua ni kalenda.

Anza na mji. Élisabethville ni kabla ya 1966, Lubumbashi ni baadaye. Jadotville na Likasi hivyohivyo. Kampuni: Union Minière hadi mwisho wa 1966, kisha Gécomin, na Gécamines kuanzia mwanzo wa miaka ya 1970. Nchi: Zaïre ni kati ya Oktoba 1971 na Mei 1997. Jimbo likiitwa Shaba, uko humohumo katika miaka ya Zaïre. Haut-Katanga kama jimbo linalojitegemea ni la kuanzia 2015. Stempu au noti zenye jina la Katanga kama nchi zinakupeleka kwenye kujitenga, Julai 1960 hadi Januari 1963. Kampuni ya reli nayo inasema: jina la BCK ni la zamani, SNCZ ni kuanzia 1974, na SNCC ilikuja Zaïre ilipokufa.

Tazama watu wanavyoitwa. Barua inayomtaja mtu "Citoyen" (raia), yenye majina ya ukoo bila jina la ubatizo, ni ya miaka ya siasa ya Mobutu ya uhalisia, kuanzia 1972. Sindika pia: Waafrika waliruhusiwa vyama vyao vya wafanyakazi mwaka 1946 chini ya ulinzi mkali, sheria ikalegezwa mwaka 1957, mwaka 1967 vyama vikaunganishwa kuwa kimoja, ambacho Zaïre ilipokuja kiliitwa UNTZA. Karatasi yenye sindika mbili zinazoshindana kwa hiyo ni ya kabla ya 1967, au ya baada ya 1990.

Kisha pesa. Kwenye bulletini ya malipo tazama sarafu kabla ya kiasi. Franga ilibadilishwa kuwa zaïre mwaka 1967, zaïre 1 kwa franga 1,000. Mwaka 1993 ikaja zaïre mpya, moja kwa milioni 3 za zamani. Mwaka 1998 franga ikarudi, moja kwa zaïre mpya 100,000. Bulletini yenye mshahara wa mamilioni haimaanishi mtu alikuwa tajiri. Inamaanisha uko mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kwamba fedha hiyo pengine haikutosha mfuko wa unga. Ukiona hesabu ya mwisho kwa dola na neno la "kuondoka kwa hiari", umefika 2003 na 2004, Gécamines ilipowaaga wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa mpango uliolipiwa na Benki ya Dunia. Madosiye ya wale watu, pamoja na barua zao za malalamiko zilizofuata, yatunze kama yai: wengi wao wako hai na bado wanadai.

Tarehe uliyoipata kwa njia hii iandike kwenye mabano ya mraba, na sababu yake: *[kati ya 1967 na 1971, kichwa cha Gécomin]*. Anayekuja baada yako ajue ni hesabu yako.

Hatua ya 7: Kaseti zitangulie karatasi

Karatasi ikilindwa na maji inaweza kungoja miaka. Kaseti haingoji, na redio nzima za kuzisomea zinazidi kuwa adimu. Kwa hiyo orodha ikiisha tu, ni zamu yake.

Vunja vile vijipande viwili vya plastiki kwenye ukingo wa juu wa kaseti ili isiweze kurekodiwa juu yake. Jaribu mashine kwa kaseti ya muziki usiyoijali. Safisha kichwa cha mashine kwa pamba na alkoholi, ngoja kikauke. Peleka kaseti mbele hadi mwisho, uirudishe, ndipo ucheze. Za dakika 120 zina utepe mwembamba unaokatika. Zicheze mara moja tu, ukirekodi. Unganisha waya kutoka tundu la sauti la redio kwenda kwenye kompyuta. Usiweke simu mbele ya spika, utarekodi na jogoo wa jirani. Hifadhi kama WAV, biti 24, kilohezi 48. Saa moja ya mono inachukua kama nusu ya gigabaiti. MP3 iwe nakala ya kusikilizia.

Andika lebo ya kaseti neno kwa neno, hata makosa yake. Ukimpata mzee anayeitambua sauti, keti naye asikilize, uandike majina ya mitaa ya kampi na ya makapita (wasimamizi wa kazi) wakati anayataja. Wazee hao hawako wengi.

Hatua ya 8: Sasa skana

Anza na kisichopatikana penginepo: maandishi ya mkono, kopi za karboni, trakti, mihutasari, picha. Gazeti la Mwana Shaba, ambalo kampuni ilianza kulitoa mwaka 1957 kwa wafanyakazi wake, lina nakala sehemu nyingine, lingoje. Lakini nakala ambayo Mzee aliandika pembeni "uongo, mimi nilikuwepo" hiyo si gazeti tena, ni hati yake.

Maandishi yatosha dpi (nukta kwa inchi) 300, picha 600, kwa TIFF ikiwezekana. Skana na nyuma ya karatasi. Jina la faili lifuate orodha: *K07_b_012* ni kartoni 7, fardi b, karatasi ya 12. Weka nakala tatu, mbili kwenye diski tofauti, ya tatu nje ya nyumba, kwa ndugu wa Likasi au Kolwezi. Flashi pekee si hifadhi. Na uwe na betri ya akiba kwa kompyuta, umeme ukikatika katikati ya kuhifadhi faili inaharibika.

Hatua ya 9: Kisichofaa kufunguliwa bado

Mwanahistoria alikabidhiwa siri. Kuna mahojiano ya watu waliofukuzwa Katanga mwaka 1992 na 1993 kwa sababu ya asili yao ya Kasai, kuna orodha za wanafunzi baada ya mauaji ya kampasi ya chuo kikuu cha hapa ya Mei 1990, kuna madosiye ya hospitali ya kampuni. Hayo yafungwe kwa bahasha, yaandikwe kwenye orodha bila majina, na familia iamue yatafunguliwa mwaka gani. Usiyaweke kwenye WhatsApp hata kwa kikundi cha ukoo. Na maandishi ya watu wengine hayawi mali yako kwa sababu yako chumbani kwako: kwa sheria ya Kongo ya 1986, haki ya mwandishi inaendelea miaka 50 baada ya kifo chake.

Hatua ya 10: Mahali pa kuyaweka

Lubumbashi pana milango kadhaa ya kubisha: idara ya historia ya UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi), ambako mradi wa kumbukumbu za mji ulianza mwaka 2000, Musée ya taifa, maktaba za mashirika ya kitawa. Nenda uone chumba chenyewe kabla ya kuona mkurugenzi. Tazama dari wakati wa mvua. Uliza nani ana ufunguo, msomaji anakaa wapi, fotokopi inalipiwaje, na mkurugenzi akibadilishwa nini kinabaki kimeandikwa.

Nje kuna taasisi zilizobobea, kama ile ya historia ya jamii ya Amsterdam iliyoanzishwa mwaka 1935, inayohifadhi hata makaratasi ya Karl Marx. Pia British Library ya London ina programu, tangu 2004, inayolipia kuskani nyaraka zilizo hatarini huku asili zikibaki nchini. Njia hiyo ya pili naipenda zaidi. Makaratasi ya wafanyakazi wa Katanga yamekwishapelekwa Ulaya ya kutosha. Mjukuu wa mchimbaji wa Kipushi asiombe viza ili asome barua ya babu yake. Mgeni anayetaka "kuazima kwa muda tu" apewe nakala, siyo asili.

Chagua kati ya zawadi na amana. Zawadi haina kurudi. Amana familia inabaki mwenye mali. Mimi ningeanza na amana ya miaka michache. Vyovyote iwe, mkataba uandikwe, na orodha ya makartoni iambatanishwe, pande zote mbili zitie saini kila ukurasa wa orodha, si ule wa mwisho peke yake. Siku ya kuhamisha, mtu mmoja asome namba mlangoni nyumbani, mwingine aziweke alama kule yanakoshukia, na gari lisipite mahali pengine njiani.